Dawa ya Kopo kwa Pikapu ya Mkwe

Karibu kila wiki mtu huja gereji kwangu hapa Kibiti akiwa na kopo mkononi, lebo inang'aa, picha ya gari la mashindano juu yake, na kuniuliza: "Fundi, hii dawa ya injini inafaa?" Mimi ni mtu wa hasira za karibu, watu wananijua hivyo, na swali hilo hunipandisha mori kabla halijamalizika. Huwa najibu kwa mkato. Kama injini yako ni nzima, badilisha oili kwa wakati na hiyo pesa mnunulie mkeo kanga. Kama imechakaa, kopo haliwezi kuotesha chuma kilicholika. Mteja hununa, huenda kwa fundi mwingine atakayemwambia anachotaka kusikia, nami hurudi chini ya gari.

Wanaodhani huo ni ukali tu wa fundi aliyechoka hawajui. Mimi mwenyewe niliwahi kuimimina dawa hiyo kwa mikono yangu, makopo matatu, katika gari la baba mkwe wangu, huku nikijua fika kwamba haitasaidia kitu. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajipamba.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo, lita moja ya oili uliitafuta kwa kibali na kwa kujuana, na mafundi tulikuwa tukichuja oili chakavu kwa kitambaa na kuirudisha ndani ya injini bila aibu. Mara tukaamka maduka yamejaa. Mitumba, redio, sabuni za kunukia, na makopo ya kila rangi. Duka moja pale karibu na stendi lilipanga dawa ya injini rafu moja na dawa ya kikohozi, na mwenye duka, mtu mcheshi aliyekwenda Dar kila wiki kufuata mzigo, aliziuza zote mbili kwa maneno yaleyale: ukitumia hii, maumivu kwisha. Hatukujua kipi cha kweli na kipi feki. Tulikuwa tumekaa na kiu miaka mingi, na chochote kilichomiminwa tulikinywa.

Baba mkwe wangu alizaliwa Salale, kwenye mikoko ya delta, mahali ambapo kumtembelea jirani ni lazima upande chombo. Ujana wake karibu wote aliumalizia majini, kwanza kwa kasia, kisha kwa boti yake mwenyewe yenye mashine ya kufunga nyuma, akinunua kamba kwa wavuvi na kuwafikisha Nyamisati kabla barafu haijayeyuka. Pale Nyamisati wenye magari walimngoja na bei zao. Kila mara alirudi nyumbani akinung'unika kwamba yeye ndiye anayelowa na wao ndio wanaoshiba. Alitaka jambo moja tu duniani: awe na gari lake, awafikishe kamba wake mwenyewe mpaka mjini.

Mimi kwetu ni milimani, kusini, watu wa jembe. Nilipopeleka posa kwa binti yake, shangazi zake walikunja uso. Walisema watu wa milimani hawajui kukaa na watu. Mzee ndiye aliyenitetea. "Huyu ana adabu," aliwaambia. "Nimemtazama anavyokaa." Kwa hiyo niliozwa kwa adabu yangu, si kwa kingine, na adabu hiyo niliilinda kama mtu anavyolinda hati ya shamba. Baba mkwe humtazami usoni. Humbishii. Neno zito hulipeleki mwenyewe, unamtuma mshenga aliyekupelekea posa, na mshenga wetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Pikapu aliinunua Dar bila kuniuliza. Sikushangaa, mzee haombi ushauri kwa mkwewe. Kuendesha alijifunza zamani, alipokuwa kwenye kazi ya kupakia magogo. Alikuja nayo moja kwa moja mpaka gereji, akashuka na kanzu yake ya safari imejaa vumbi, na kabla hata hajanipa mkono alizunguka nyuma kuangalia bomba la egzosi. Moshi wa bluu ulikuwa ukitoka mzito kabisa. Akatabasamu.

"Unaona, mkwe? Inakula oili vizuri."

Nilidhani anatania. Kumbe hakuwa na masihara. Mashine za boti walizozoea watu wa delta hunywa oili pamoja na petroli, unachanganya kwenye dumu kabla ya safari, na mashine ikiwa salama lazima itoe moshi. Ukiona moshi umekatika, ujue umesahau oili, na mashine itakukamatia katikati ya mkondo. Miaka thelathini mzee alikuwa ameuangalia moshi wa bluu na kujua kwamba atafika salama. Yule aliyemuuzia gari lenye injini mbovu hakuhitaji hata kuuficha ugonjwa. Mteja wake aliuona akaufurahia.

Tena, alipofika Bungu alikuwa amenunua petroli, akaichanganya na oili kwenye dumu kama alivyozoea, akaimimina yote kwenye tangi. Hilo nilipata njia laini ya kulisema. "Baba, gari hili lina matumbo mawili," nilimwambia nikiwa nimeinamisha kichwa. "Petroli ina lake na oili ina lake, hazikutani." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe! Na mimi nimelilisha makande!" Tulimwaga mchanganyiko ule, tukacheka wote wawili.

Kisha nilifungua kifuniko cha kutilia oili huku injini ikinguruma. Moshi ulitoka kwa mapigo, pu, pu, pu, kama sufuria ya wali inayopumua. Hapo sikuhitaji kipimo kingine. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, silinda zimelika, na nguvu iliyopaswa kusukuma gari ilikuwa ikikimbilia chini kwenye oili.

"Vipi?" aliniuliza.

"Gari zuri, baba," nilijibu, na kukirudisha kifuniko.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Aliketi akiwa na ungo wa mchele mapajani, hapepeti. "Mwambie," alisema. Nikamwambia amwambie yeye, ni baba yake. "Mimi nimwambie baba kwamba ameingizwa mjini? Hela zake za misimu minne? Siwezi." Alichosema mwishoni ndicho kilichotutuliza: boti bado ipo. Mzee alikuwa ameiacha imefungwa Salale, akisema kwanza aone hii ya magurudumu inavyokwenda. Nikajiambia kwamba gari likimchosha atarudi kwenye boti yake, na hakuna atakayekuwa amekufa. Nililala nikiwa na amani ambayo sikuistahili.

Kwa miezi miwili pikapu ilifanya kazi. Alipakia kamba Nyamisati, akapita Bungu, akafululiza Dar, akarudi. Kila safari aliongeza oili, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Mashine zake zote za boti zilikunywa. Halafu injini ikaanza kugonga. Masikio ya mzee yalikuwa mazuri kuliko ya madereva wengi niliowajua.

"Mkwe, kuna mtu anabisha hodi humu ndani," aliniambia.

"Itabidi iangaliwe, baba."

Hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote niliyothubutu. Yeye alielewa kwamba inataka huduma kidogo. Asubuhi iliyofuata alirudi akiwa amekumbatia kopo kutoka lile duka la karibu na stendi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Kiingereza changu cha shule kilitosha kusoma lebo. Ilisema dawa ile ni ya kuitunza injini isichakae. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba inafufua iliyochakaa. Nilisoma kimoyomoyo, na kwa sauti nikasema, "Wanasema tumimine yote, baba." Nikamimina. Ilishuka polepole, nzito kama asali.

Kilichotokea baadaye kila fundi anakijua. Uzito ule ulikaa kwenye nafasi kati ya vyuma vilivyolika, na ile hodi ikafifia. Ni kama kusokomeza kitambaa kwenye mlango unaogongwa na upepo: kelele zinaisha, bawaba imebaki mbovu ileile. Moshi nao ulipungua, maana oili iliyo nzito haipenyi upesi. Mzee alizunguka nyuma kama kawaida yake, akainama, na nikamwona anabadilika rangi.

"Zima! Zima, itakamata! Moshi wake uko wapi?"

Ilinibidi nimfundishe kwamba injini ya gari iliyo nzima haitoi moshi. Nililisema hilo bila kufikiri, na ndilo neno la kweli nililolijutia kuliko uongo wangu wote. Alisimama, akalitafakari, kisha uso ukamchanua. Alinishika mkono uliojaa grisi kwa mikono yake yote miwili. "Basi imepona," alisema. "Alhamdulillahi. Umeniponyea gari, mkwe."

Wiki ileile mke wangu alinipokea mlangoni. "Baba anauza boti."

Alitaka makasha makubwa ya barafu na mizani yake mwenyewe, asimtegemee mtu, na alikuwa ameshapata mnunuzi hukohuko Salale. Gari limepona, boti ya nini tena? Mke wangu hakuniambia niende. Alinitazama tu, na nilijua sasa hakuna tena pa kujifichia.

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala, kwenye nyumba aliyopanga hapa Kibiti tangu aliponunua gari. Njia nzima nilikariri: baba, usiuze kwanza, injini ile ni mbovu, nilijua tangu siku uliyoileta. Maneno machache hayo. Nilifika, nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka pembeni kama anavyokaa mkwe, nikaletewa chai na vitumbua. Mzee alikuwa na furaha ya kijana. Alinieleza makasha yatakavyopangwa, alinichorea kwa kidole juu ya mkeka. Kisha akageuka na kuniuliza, kwa upole kabisa, jambo ambalo wazee wake hawakuwahi kuwauliza wakwe zao: "Unasemaje, fundi wangu? Niuze?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Nami nilikumbuka shangazi zake waliokunja uso, nikakumbuka aliyesema huyu ana adabu.

"Baba ndiye unayejua," nilisema.

Aliridhika. Lilikuwa jibu la mkwe mwenye heshima zake. Nyumbani mke wangu aliuliza kama nimemwambia, nikajibu kwamba tumezungumza. Hakuuliza tena. Boti iliuzwa kabla ya Ijumaa nyingine.

Kopo la kwanza lilitufaa kama miezi miwili. La pili halikufikisha mwezi. Injini ikiwa baridi ilikuwa kimya, lakini ikishapita Bungu imepata moto, oili inakuwa nyepesi na hodi inarudi. Mzee akaanza kupenda kusafiri alfajiri kwenye ubaridi. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kwa nini. Siku hizi nafikiri alikuwa ameshaanza kushuku, ila alikuwa na fundi katika familia, na fundi hakusema kitu.

Kopo la tatu nililimimina asubuhi moja ya kiangazi. Saa moja baadaye mzee alirudi na mgeni, mkulima wa mpunga kutoka Mkongo, mtu mrefu mwenye magoti yaliyopauka kwa kazi. Mkulima yule alikuwa ameiona pikapu hapahapa Kibiti, akaipenda, akataka kuinunua yeye na ndugu zake ili mpunga wao usioze tena ukingoja usafiri. Mzee naye alikuwa amepiga hesabu zake: akiiuza, akiongezea kidogo, atapata lori dogo. Hakukuwa na hila moyoni mwake. Alimleta mnunuzi kwangu kwa sababu aliamini gari lake ni zima na kwamba mimi ndiye niliyelifanya zima.

Aliiwasha. Ilinguruma kwa utulivu, dawa mbichi tumboni, moshi hakuna. Mkulima aliizunguka, akagonga bodi kwa kiganja, kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Fundi, mimi magari siyajui. Najua jembe," alisema. "Nimeambiwa huyu mzee ni baba yako kwa mkeo. Basi niambie kama ambavyo ungemwambia yeye. Injini hii ni nzima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee angepona, lori lingepatikana, boti ingesahaulika, na hasara ingehamia Mkongo kwa watu nisiowajua. Sitasema kwamba wazo hilo halikunipitia. Lilinipitia, likakaa. Lakini "ndiyo" haikutoka, na "hapana" nayo nisingeweza kuitamka mbele ya baba mkwe, kumuumbua kama tapeli katikati ya gereji. Nikaangalia ndala zangu.

Injini ilikuwa ikinguruma yenyewe tu. Nilihisi mzee ananitazama, na alinitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kusoma maji. Alijua kina kilipo na fungu la mchanga lilipo kwa kuangalia rangi tu. Mkono wake ukaingia dirishani, ukazima gari.

"Mkwe," aliniita. "Inua uso."

Niliinua. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni. Yalikuwa mekundu pembeni kwa chumvi na jua la miaka mingi.

"Leo mimi si mkweo. Mimi mteja. Mjibu huyu bwana."

Nikamjibu. Niliwasha injini, nikafungua kifuniko cha oili, nikawaonyesha mapigo ya moshi, nikaeleza ringi, nikaeleza silinda, nikaeleza dawa inafanya nini na haifanyi nini. Nilieleza yote ambayo sikuyasema kwa karibu nusu mwaka. Mkulima alisikiliza mpaka mwisho. Alimpa mzee mkono, akamwambia Mungu atakufungulia, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Mzee alimtazama mpaka alipopotea.

"Tangu lini unajua?" aliniuliza bila kugeuka.

"Tangu siku ulipoileta, baba."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia; mimi mwenyewe ndivyo ningefanya. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akavua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo. Baadaye akaniambia nifungue injini aone mwenyewe. Siku mbili alikaa pembeni yangu nikiifungua. Alipitisha ukucha ndani ya silinda akagusa ukingo mahali chuma kilipolika. Kila alichoniuliza nilimjibu nikimtazama. Hiki nacho? Kimekufa, baba. Na hiki? Nacho kimekufa. Mke wangu aliyetuletea chai alinisikia nikimwambia baba yake hivyo, akaweka birika chini na kwenda kulia nyuma ya nyumba. Kranki, chuma kinachozungushwa na pistoni, ilikuwa imelika kupita kiwango cha kuchongwa, na spea ya gari lile wakati ule hukuipata kwa bei ya mtu kama yeye. Bodi na matairi vilikwenda kidogo kidogo. Makasha ya barafu aliyauza Nyamisati.

Aliyenunua boti yake ndiye aliyemwita. Mikondo ya delta hakuijua vizuri, na alihitaji mtu wa kukaa mbele amwonyeshe njia. Kwa hiyo mzee, akiwa na mvi kichwa kizima, alirudi Salale kuwa kibarua katika boti aliyoinunua kwa jasho la ujana wake.

Nilimsindikiza mpaka Nyamisati, nimembebea mfuko wake. Ilikuwa asubuhi, maji yanajaa, na mwenye boti alikuwa ameshaanza kuvuta kamba ya mashine. Nilikuwa nimekusudia kuomba radhi kwa utaratibu, kwa maneno yanayofaa, lakini nilipofungua kinywa yalitoka yamekatikakatika. Nikamwambia kwamba nilinyamaza kwa heshima tu, kwamba sikutaka kumvunjia heshima yake.

"Najua, mwanangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Aliuchukua mfuko wake begani mwangu. "Umenistahi kweli, na sina la kukulaumu kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima anayezama. Ningependa ungenihurumia."

Akakunja suruali mpaka magotini, akaingia majini, na kwenda kukaa mbele ya boti mahali alipoonyeshwa.